Kumwita Nyakundi

Jumanne, 3 Juni

Stima imepotea mara mbili kabla ya saa nne. Wateja sita kwenye benchi, wote wakiniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeikata. Fomu tatu za pasipoti. Moja ya kazi ya ulinzi Qatar. Barua ya chifu ya kupiga chapa upya kwa sababu mwenyewe ameimwagia chai. Nimejaza zote. Miaka kumi na minne niko kwenye saiba hii ya kompyuta, hatua chache kutoka soko la Daraja Mbili, na kila siku naulizwa, "Kemunto, hapa tuandike nini?" Huwa najua cha kuandika.

Saa saba watu wameenda kula. Nimefungua kurasa za utalii. Bonde la Mto Douro, Ureno. Milima imekatwa matuta, mizabibu juu mpaka chini, mto katikati. Huko wanatengeneza divai tamu inayotiwa pombe kali. Watu wanatoka dunia nzima kwenda kuionja. Wakati mzuri ni Septemba, mavuno yakianza.

Mimi ni Msabato. Hata bia sijawahi kuonja. Naenda Septemba.

Ndugu yangu Nyakundi alizama katika mto huo miaka sita iliyopita. Hawakumpata.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango mpaka sasa. Ndege hadi Lisbon, nikibadilisha njiani. Treni hadi Porto. Kisha treni nyingine ya polepole inayoambaa na mto. Kila mwongozo unasema ukae upande wa kulia uone maji vizuri. Nitakaa kushoto.

Ukurasa mmoja unaonya usionje divai zaidi ya nne kwa siku. Mwingine unasema siku tatu zinatosha bonde zima. Mimi nahitaji saa moja. Lakini viza haitolewi kwa mtu anayetaka saa moja kando ya mto, kwa hiyo napanga wiki nzima kama mtalii. Makumbusho. Daraja la chuma. Ghala za mapipa. Naandika orodha.

Sabato, 7 Juni

Nyamira, kwa Mama. Kanisani wameshajua. Mama mmoja wa kwaya ameniuliza kama ni kweli naenda Ulaya kuzuru kiwanda cha pombe. Nimemwambia ndiyo, nimletee ya chupa au ya mtungi. Mama amenifinya mkono mpaka wimbo wa mwisho.

Baada ya chakula nimeenda nyuma ya nyumba. Sikutaka kwenda. Nimejikuta huko.

Niandike jambo hili lilivyokuwa. Mwaka jana wazee walichoka kungoja. Kwetu mtu asiyepatikana huzikwa kwa mgomba. Unachukua shina, unalivalisha nguo zake, unalilaza kaburini, watu wanalia, mambo yanaisha. Binamu zetu walitumwa kuleta shina. Walikuwa na haraka na mvua ilikuwa inakuja. Badala ya kulikata wakaling'oa, likaja na kitunguu chake cha chini. Na shimo hawakulichimba kina cha mtu. Nani avunjike mgongo kwa ajili ya mgomba? Tukalivalisha shati lake la buluu na suti yake. Tukafukia.

Mtoto yeyote wa Kisii angewaambia kitakachotokea.

Mvua ya Machi imeuchipusha. Sasa unanifika kifuani. Umetokea pale hasa ambapo tulifunga vifungo vya shati. Shamba la chai lote limetulia, huu peke yake unatikisa majani. Mama hataki ukatwe. Akipita hapo anageuza uso upande wa pili. Nimeuogopa. Naandika hivyo hivyo, nimeuogopa.

Jumapili, 8 Juni

Baba Mdogo Ombati amekuja kutoa maelekezo ya safari. Amekunywa chai vikombe viwili kabla ya kufungua mdomo.

Kaburi limekataa, amesema. Lazima Nyakundi mwenyewe akaitwe kutoka majini. Aende wa tumbo moja naye. Hapo ni mimi, hakuna mwingine. Nisimame pale maji yalipomchukua, niite jina mara tatu, nimwambie twende nyumbani, nichote udongo wa ukingoni. Udongo huo ndio utakaozikwa.

Kisha la mwisho. "Anayeita asiwe na neno moyoni kuhusu marehemu. Akiwa nalo, marehemu atasikia lakini hatamfuata." Akauangalia mgomba kupitia dirishani. "Kuna mtu anaficha kitu. Ndiyo maana ardhi imemtema."

Aliyasema akiwa haangalii mtu. Mama alikuwa akiangalia mikono yake. Mimi nikaondoa vikombe.

Nimerudi mjini na hasira. Upuuzi. Mgomba umechipuka kwa sababu ya kitunguu, hilo ni somo la shule ya msingi. Nimefungua duka, nimelifunga, nimelifungua tena.

Jumatano, 18 Juni

Siku kumi bila kuandika. Leo naandika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mama husoma Ekegusii cha Biblia tu, na daftari hili hukaa chini ya karatasi za printa. Hata hivyo mkono unasita.

Fomu ya shamba la mizabibu lililomwajiri Nyakundi ilikuwa na kurasa nne. Nyakundi alikaa kwenye kompyuta namba tatu, mimi nimesimama nyuma yake. Shamba lilieleza kwamba wachumaji wanalala ukingo mmoja na mizabibu iko ukingo wa pili. Wanavushwa kwa mashua asubuhi na jioni. Kwa hiyo swali la kumi na nane. Unajua kuogelea? Ndiyo. Hapana.

Nyakundi akasema, "Weka hapana. Mimi maji yakipita magoti naanza kuomba."

Nikamwambia akiweka hapana watamruka. Fomu ni fomu, nani ataenda kumpima? Nimewajazia watu kwamba wanajua kuendesha trekta, kwamba wanajua Kiarabu. Wote walipata kazi. Yeye akasitasita. Nikapitisha mkono juu ya bega lake, nikachukua mausi, nikaweka Ndiyo mwenyewe.

Akacheka. Nami nikacheka.

Alipozama, shamba lilituma barua ya pole kwa Kiingereza. Mama akaniomba nimsomee. Ilisema mashua iliyumba, watu wanne wakaanguka, watatu wakaokolewa. Ilisema walioandika kwamba hawajui kuogelea walikuwa wamevaa jaketi za kuelea, kama ilivyo kawaida yao. Marehemu alikuwa ameandika kwamba anajua.

Sentensi hizo mbili sikumsomea Mama. Niliziruka nikaenda kwenye rambirambi.

Basi. Limeandikwa. Sijisikii nafuu hata kidogo.

Ijumaa, 20 Juni

Mteja aliyekaa namba tatu ameomba kuhamishwa. Anasema kibodi imelowa. Nimeigusa, kweli imelowa. Nimekagua paa, hakuna tundu. Labda ni kikombe cha mtu. Nimeifuta kwa kitambaa, nimeichomoa, nimeigeuza ielekee ukutani.

Nimesikiliza ujumbe wa sauti wa Nyakundi, ule mmoja niliobaki nao. Sekunde arobaini na mbili. Nyuma yake watu wanaimba na kukanyaga zabibu kwenye tangi la mawe. Ananieleza kinachofanya divai ile iwe tamu. Juisi ikianza kuchacha hawaiachi imalize. Wanaimwagia pombe kali, uchachu unakufa hapo hapo, sukari inabaki ndani haina pa kwenda. "Imekatizwa, Kemu. Ndiyo utamu wake. Mama mwambie ni juisi."

Nilimwambia Mama ni juisi. Hilo nalo.

Jumatatu, 7 Julai

Barua pepe kutoka shamba lile la Ureno. Mama mmoja wa ofisini, anaitwa Lurdes. Anasema karibu, watanipa chumba siku mbili, sitalipa. Anamkumbuka Nyakundi. Anasema alikuwa akiimba nyimbo za kanisa wakati wa kukanyaga zabibu, na wenzake wakajifunza wimbo mmoja bila kuelewa maneno, na bado wanauimba kila mavuno. Atanivusha yeye mwenyewe mpaka pale alipozama.

Mgeni yeyote anayepanda mashua hujaza fomu. Ameiambatisha. Ukurasa wa pili, mstari wa tano. Unajua kuogelea?

Wateja walikuwepo. Nimeifunga fomu bila kuijaza.

Alhamisi, 10 Julai

Mwanamke kutoka Marani anaomba kazi ya kulea wazee nje ya nchi. Fomu inauliza kama amewahi kufunzwa kumbeba mgonjwa. Hajawahi. Akanikonyeza. "Si wewe unajua ya kuweka, madam."

Nimemwambia ajaze mwenyewe. Amesema hajui kompyuta. Nimesema basi atafute saiba nyingine. Nilimpigia kelele, watu waligeuka. Ameondoka akilia na mimi sikumfuata. Alikuwa na umri wangu, na viatu vya kuazima, vilikuwa vinamponyoka akitembea.

Ijumaa, 25 Julai

Nairobi, mambo ya viza. Alama za vidole, picha, barua ya hoteli, tiketi ya kurudi. Sababu ya safari: utalii. Afisa wa dirishani ameniuliza kinachonivutia huko. Nimesema mto. Amesema yeye angeenda kwa ajili ya divai. Tumecheka wote wawili kwa adabu.

Nimejaza fomu yangu bila kukosea herufi. Mkono unajua kazi yake hata mwenyewe asipokuwepo.

Jumatano, 6 Agosti

Viza imetoka. Nimempigia Mama simu. Amesema Mungu ni mwema, akakata.

Baadaye amepiga tena kuuliza kama huko kuna baridi.

Sabato, 9 Agosti

Nyamira. Mama ameshafunga begi langu, safari ikiwa bado mwezi. Sweta ya kijani aliyofuma mwenyewe, kubwa mno kwangu. Soksi za kiume. Unga wa wimbi kwenye mfuko wa sukari. Njugu za kukaanga. Nimemuuliza ni vya nani. Amesema mtu akiitwa kutoka majini atakuwa na baridi na njaa.

Nimekunja sweta upya, vizuri zaidi, nikairudisha.

Kesho jioni Baba Mdogo anakuja na wazee wawili. Nitashikwa kichwa, nitaulizwa mbele yao kama nina neno na marehemu, nitajibu, nitatumwa. Nimefanya mazoezi ya kusema sina. Nikisema nikiwa peke yangu sauti inatoka sawa. Wakati wa sala ya chakula Mama alipotaja jina lake nimekohoa mpaka nikatoka nje.

Huko nje mgomba umetoa jani jipya, bado limejikunja. Nimesimama mbele yake. Nimeuambia, unataka nini? Kwa sauti, mtu mzima, msomi, katikati ya mchana. Naona aibu kuandika hivi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia.

Jikoni, tukimenya ndizi za jioni. Mikono yake ina utomvu, yangu pia. Nilikuwa nimepanga maneno na yote yakanitoka. Nikasema tu, Mama, ni mimi niliyeweka Ndiyo. Nikaeleza kuogelea, fomu, mausi, bega lake. Nikaeleza zile sentensi mbili nilizoruka. Sikulia. Nilisema kama mtu anayesoma risiti.

Hakuacha kumenya. Akamaliza ndizi aliyoshika, akaitia kwenye maji.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

Akasema tangu siku ile ile. Nyakundi alirudi nyumbani jioni akicheka. Akamwambia, Mama, dada amenifanya samaki, ameandika najua kuogelea. Akalala kifudifudi hapo sakafuni, akapiga mikono na miguu kuonyesha atakavyoogelea. Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hata barua nilijua. Uliposoma niliona macho yako yameruka mahali. Nikaipeleka kwa mwalimu wa Shule ya Sabato anisomee yote."

Miaka sita. Nikapandisha sauti. Nikamuuliza kwa nini hakunisema, kwa nini hakunipiga hata kofi, kwa nini aliniacha nikitembea na jambo hili.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Ningekusema nini? Wewe uliandika. Mimi mama yake, najua mwanangu hajui maji, nilicheka. Ningemwambia, rudi kesho ukaifute. Nilikuwa na usiku mzima wa kumwambia. Nilicheka, Kemunto. Nikampakulia chakula."

Hapo ndipo nilipolia. Yeye hakulia. Alichukua ndizi nyingine.

Nilidhani mgomba ule ulikuwa wa kunisuta mimi peke yangu. Kumbe kila mtu alikuwa na wake.

Wazee wakaja saa kumi na moja. Nikashikwa kichwa. Baba Mdogo akauliza. Kabla sijafungua mdomo Mama akajibu kutoka mlangoni. Akasema, "Kemunto analo neno, na mimi ninalo, na tumeambiana." Akawaeleza yote, kwa ufupi, bila kupamba. Hakuna aliyemkatiza.

Baba Mdogo aliondoa mkono kichwani mwangu. Alionekana mzee ghafla, na mimi niliyemkasirikia miezi miwili nikamwonea huruma. Mwishowe akasema sheria inakataza neno lililofichwa. Lililosemwa haijalikataza. Sijui kama ndivyo ilivyo au ameitunga papo hapo. Mzee mmoja alikubali kwa kichwa haraka sana.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimejaza fomu ya Lurdes. Ukurasa wa pili, mstari wa tano. Hapana. Nimeituma kabla ya kufungua duka.

Amejibu baada ya saa moja. Nitapewa jaketi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemtafuta yule mwanamke wa Marani kwa namba aliyoacha. Nimemwomba radhi. Nimemwambia kuna mafunzo ya wiki mbili ya kubeba wagonjwa hapa mjini, na nitamwandikia barua ya kuomba nafasi bure. Amesema alishajaziwa kwingine. Ameandikiwa anajua.



Jumamosi, 30 Agosti

Sijaenda kanisani. Sijaumwa. Nimekaa chumbani nikisoma njia ya treni, kituo kwa kituo, mpaka nimeijua kichwani. Baada ya kituo cha nane mto unaonekana na haupotei tena. Nimejikuta nikishika kingo za kitanda.

Naogopa mambo mawili. Kwamba nitaita na hakutakuwa na chochote, maji tu na watalii na mashua. Au kwamba kutakuwa na kitu.

Jumatano, 3 Septemba

Wazee wameuchimbua mgomba. Sikuwepo. Mama amesema shati lilikuwa bado zima, buluu ile ile, mizizi imepita kwenye mikono yake. Wamelichoma. Mgomba wenyewe wameutupa korongoni. Kaburi liko wazi, wamelifunika kwa mabati mpaka nirudi.

Aliyasema yote haya kwa simu kwa sauti ya mtu anayeelezea bei ya majani chai. Kisha akauliza kama nimekula.

Jumapili, 7 Septemba

Nasafiri kesho. Nimekuja kuaga.

Mama amesema nitaita kwa Ekegusii, si kwa Kiswahili wala Kiingereza, na Kireno hata nisijaribu. Nyakundi atakuwa amekizoea. Akiitwa kwa Kireno atadhani ni msimamizi anamwita kazini, atajificha. Amesema hivi bila kutabasamu. Nimesema sawa, Mama.

Kisha akasema sauti yangu ni ya ofisini, haifiki mbali. Tufanye mazoezi. Akanituma nishuke mpaka chini kwenye kijito, yeye abaki juu kwenye ua wa chai asikilize.

Nimeshuka. Saa kumi, jua la upande, wachumaji wa jirani wanamalizia mistari ya mwisho. Kijito hakinifiki hata vifundoni. Nimesimama kando yake na viatu vyangu vya mjini. Mara ya kwanza sauti imenikwama. Mama akapaza kutoka juu kwamba hajasikia kitu. Mara ya pili imetoka. Mara ya tatu nimeita kama tulivyokuwa tukimwita zamani, kwa kuvuta ile sehemu ya mwisho ya jina, nikaongeza na yale maneno. Inchwo togende nka. Njoo twende nyumbani.

Wachumaji wameinua vichwa. Jirani yetu, Mama Kwamboka, amesimama na kikapu mgongoni, akamuuliza Mama kutoka ng'ambo ya ua ni nani anaitwa.

Nimemsikia Mama akimjibu, kwa sauti yake ya kila siku. "Ni Nyakundi. Dada yake anamwita."

"Basi ataitika," akasema Mama Kwamboka, akarudi kwenye chai yake.